Glaida ya Kwanza Inunuliwe na Nani?

Karibu kila mtu aliyejifunza kurusha glaida, yaani ndege isiyo na injini, hufika siku akauliza: ninunue ipi? Swali hilo huulizwa Ujerumani, Uingereza na Poland, na majibu yake huja kwa majina ya viwanda, umri wa ndege, hali ya rangi na gharama za bima. Katika makala haya ninadai kwamba lipo swali linalolitangulia, nalo ni zito zaidi: inunuliwe na nani? Mtu mmoja, marafiki watatu, chama, au dola? Historia ya mchezo huu imewahi kulijibu swali hilo kwa njia zote nne, na majibu hayo yanamhusu yeyote anayetafakari siasa za umiliki, hata kama hatarajii kamwe kuketi katika kiti cha rubani.

Tuanze na jinsi ndege hiyo inavyofanya kazi. Glaida huvutwa angani kwa winchi au kwa ndege nyingine, kisha huachiwa. Tangu hapo inashuka wakati wote ndani ya hewa iliyoizunguka. Rubani hubaki juu kwa kutafuta hewa ambayo yenyewe inapanda upesi kuliko ndege inavyoshuka: hewa iliyopashwa moto na ardhi, au upepo uliogonga mlima ukakosa pa kupita ila juu. Tumbusi hufanya vivyo hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanasayansi Mwingereza, Colin Pennycuick, aliwafuata tumbusi wa Serengeti akiwa ndani ya glaida yenye injini ndogo ya kuipandisha, akachunguza namna wanavyosafiri masafa marefu kutafuta mizoga karibu bila kupiga bawa. Elimu hiyo imo juu ya vichwa vyetu kila siku ya jua kali.

Mchezo huu ulikua kutokana na uhaba. Ujerumani iliposhindwa katika Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliinyima jeshi la anga, na utengenezaji wa ndege za injini ukawekewa vikwazo vikali. Glaida hazikuguswa. Mwaka 1920 vijana, wengi wao wanafunzi wa vyuo vya ufundi, walikusanyika kwenye mlima Wasserkuppe, katika milima ya Rhön, kwa mashindano yaliyoandaliwa na mhariri wa gazeti la urubani, Oskar Ursinus. Nchi ilielemewa na madeni na fedha yake ilikuwa ikiporomoka. Vijana hao walijenga ndege zao kwa mbao, gundi na kitambaa. Mwaka 1922 glaida iliyoitwa Vampyr, iliyotokana na kundi la wanafunzi wa Hannover, ilikaa angani zaidi ya saa nzima ikirushwa na Arthur Martens. Siku chache baadaye mwenzake, Friedrich Hentzen, alipita saa tatu. Vikundi vya wanafunzi vya namna hiyo vingali hai katika vyuo vikuu kama vya Darmstadt na Braunschweig, na bado wanafunzi hubuni na kujenga ndege kwa mikono yao.

Kutokana na uhaba huo ulizaliwa utaratibu ambao, kwa maoni yangu, una thamani kuliko ndege zenyewe. Glaida haiwezi kurushwa na mtu mmoja. Anahitajika mwendesha winchi. Anahitajika wa kushika ncha ya bawa mpaka ndege ipate mwendo. Anahitajika wa kurejesha waya, ambao kwa kawaida hunyooshwa kiasi cha kilomita moja. Na anahitajika wa kuandika saa ya kuruka na ya kutua. Mwanafunzi anayetaka kuruka mara tatu kwa siku atatumia sehemu kubwa ya siku hiyo akiwarusha wenzake. Katika vyama vingi vya Ujerumani walimu hawalipwi mshahara. Wao pia ni wanachama waliofundishwa na waliowatangulia. Msimu wa baridi, ndege zinapolala, wanachama hukutana karakanani kuzisafisha, kuzikagua na kuzitengeneza, na kila mmoja hudaiwa saa zake za kazi kama anavyodaiwa ada yake. Huo ni msaragambo, ingawa wenyewe hawalijui neno hilo.

Matokeo yake ni kwamba elimu ya urubani, ambayo kwingi duniani ni ya wenye fedha au ya waliobahatika kufadhiliwa, huko imefunguliwa hata kwa watoto wa mafundi na makarani. Kijana wa Ujerumani anaruhusiwa kuruka peke yake, chini ya uangalizi wa mwalimu, akiwa na umri wa miaka 14, na kupata leseni akiwa na miaka 16. Winchi hutumia mafuta au umeme kidogo tu. Ndege ya mafunzo ya viti viwili, kama ile ASK 21 iliyoenea katika vyama vingi, hudumu miongo kadhaa ikitunzwa, ikafundisha kizazi baada ya kizazi. Hakuna mwanafunzi anayelazimika kuimiliki. Anailipa kidogo kidogo, kwa ada na kwa jasho.

Wapo watakaosema huu ni mchezo tu, usio na faida kwa umma. Nawakumbusha tarehe 23 Julai 1983. Ndege ya abiria ya Air Canada, Boeing 767, iliishiwa mafuta angani kwa sababu hesabu ya mafuta ilifanywa kwa paundi mahali palipotakiwa kilo. Injini zote mbili zilizimika. Nahodha Robert Pearson alikuwa na uzoefu wa kurusha glaida. Aliiteremsha ndege hiyo kubwa kwa ubavu, mbinu ambayo marubani wa glaida huifahamu vyema, akaitua katika uwanja wa zamani wa kijeshi huko Gimli, Kanada. Watu wote 69 waliokuwamo walinusurika. Ujuzi uliochumwa kwa starehe ya mwisho wa juma uligeuka kuwa akiba ya umma.

Sasa turudi kwa mwanafunzi wetu aliyekwisha kupata leseni. Ndipo tamaa huingia. Amechoka kupanga foleni ya ndege ya chama, anaona tangazo la glaida ya zamani ya kiti kimoja, tuseme Ka 6 ya mbao au LS4 ya nyuzi za kioo, na bei haizidi ya gari lililokwisha kutumika. Kwa nini asinunue?

Kwanza, bei ya ndege ni mlango tu. Gharama zimo ndani ya nyumba. Kuna bima, ukaguzi wa kila mwaka, tela la kuibebea, parachuti, na mahali pa kuihifadhi. Ndege ya mbao huogopa unyevu, kwa kuwa gundi ikilegea ndani ya bawa haionekani kwa macho ya anayepita. Ndege ya nyuzi za kioo huchakaa ngozi yake ya juu ikaanza kupasuka, na kuipaka upya ni kazi ya saa nyingi mno. Mnunuzi mwenye busara husoma kwanza kitabu cha kumbukumbu za ndege: imewahi kuanguka, imetengenezwa na nani, na maagizo ya usalama ya kiwanda yametekelezwa? Kisha hukaa kwenye kiti na kupima uzito wake, maana kila glaida ina uzito wa chini na wa juu wa rubani, na anayevuka mipaka hiyo huhatarisha uhai wake.

Pili, na hapa ndipo hoja yangu ilipo, ndege ya mtu mmoja hukaa ndani ya tela sehemu kubwa ya mwaka. Mwenyewe ana kazi, ana watoto, na mvua inanyesha. Ndiyo maana Uingereza na Ujerumani ni jambo la kawaida watu wawili, watatu au wanne kununua glaida kwa hisa, kila mmoja akawa na zamu yake. Gharama hugawanywa. Macho yanayoikagua ndege huongezeka. Na rubani akishindwa kupata hewa ya kupanda, akalazimika kutua katika shamba la mtu kilomita 80 kutoka nyumbani, yupo mwenzake wa kumfuata na tela. Wajuzi wengi watamshauri anayeanza anunue ndege nyepesi kuirusha, isiyo na makuu, ambayo itamsamehe makosa. Ushauri huo ni mzuri. Mimi naongeza kwamba anunue sehemu yake tu, na asikiache chama kilichomlea. Anayeondoka na ndege yake na mikono yake huwapunguzia walio nyuma yake nafasi ile ile aliyoipata yeye.

Nimetaja mtu mmoja, marafiki na chama. Imebaki dola.

Mwaka 1933 Wanazi walipotwaa madaraka, vyama vya urubani wa michezo vya Ujerumani viliunganishwa kwa amri chini ya shirika moja. Mwaka 1937 likaundwa shirika la urubani la chama tawala, NSFK, na glaida zikawa ngazi ya kuwaandaa vijana kwa jeshi la anga. Tuwe wakweli: dola ilileta fedha, ndege na walimu, na vijana wengi walijifunza kuruka ambao pengine wasingejifunza. Lakini tuangalie nani alitolewa. Robert Kronfeld, Myahudi wa Austria, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusafiri zaidi ya kilomita 100 kwa glaida, mwaka 1929. Mwaka 1931 alivuka mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza, akaenda na kurudi kwa siku moja. Baada ya 1933 hakuwa na nafasi katika anga ya Ujerumani. Alihamia Uingereza, akafa huko mwaka 1948 akiijaribu ndege mpya isiyo na mkia. Chama kilichokuwa mali ya wanachama kilikuwa na uwezo wa kumkaribisha mwenye ujuzi. Kilipogeuzwa mkono wa dola, mlango ulishikwa na mtu mwingine. Vita vilipokwisha, Washindi walipiga marufuku urubani wa glaida nchini humo hadi mwaka 1951, kwa kuwa hawakuona tena tofauti kati ya mchezo na jeshi.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kwenda mbali ili aielewe hoja hii. Mwaka 1976 serikali yetu ilivunja vyama vikuu vya ushirika, vikiwamo vilivyojengwa na wakulima wenyewe tangu enzi ya ukoloni, na kazi zake zikakabidhiwa mamlaka za serikali. Sheria ya mwaka 1982 ilivirejesha. Silinganishi nia: Wanazi walitaka vita na ubaguzi, ilhali viongozi wetu walitaka maendeleo ya haraka. Ninalolinganisha ni kitendo cha kuchukua chombo kilichojengwa na wanachama kwa imani kwamba mwenye mamlaka atakiendesha vizuri zaidi. Majengo na mizani vinaweza kurudishwa kwa sheria. Mazoea ya mwanachama kuamka asubuhi akasema "chama hiki ni changu" huchukua muda mrefu kurudi, na pengine hayarudi.

Basi dola ifanye nini? Ifanye lile ambalo chama hakiwezi kujifanyia: iweke viwango vya usalama, ihakikishe vinafuatwa, na ilinde haki ya kila mtu kujiunga. Uingereza, kwa miongo mingi, sehemu kubwa ya mafunzo na ukaguzi wa glaida iliachwa mikononi mwa British Gliding Association, chombo cha vyama vyenyewe kilichoanzishwa mwaka 1929. Mtumishi wa umma anayesoma haya ajiulize ni mambo mangapi ofisini kwake yanayosubiri kibali ambayo wananchi wangeweza kuyasimamia wenyewe, yeye akabaki na kazi ya kukagua.

Nataraji pingamizi moja la haki: nchi yenye madarasa yasiyo na madawati ina haja gani na ndege zisizo na injini? Sidai kwamba kila wilaya inunue glaida. Ninasema kwamba pingamizi hilo hilo lingeweza kutolewa kwa wanafunzi wa Hannover, katika nchi iliyofilisika. Wao hawakusubiri bajeti. Waligawana gharama, wakagawana kazi, wakaandika zamu. Maabara, kompyuta zenye nguvu, kamera, zana za karakana na vitabu vya gharama ni glaida zetu: vitu ambavyo mwanafunzi mmoja hawezi kuvinunua, na ambavyo akivinunua vitalala kabatini siku nyingi. Tunajua upatu, tunajua vikoba, lakini tumevifunga kwenye fedha na mikopo peke yake. Ni nadra kuvitumia kumiliki chombo cha elimu.

Kwa hiyo anayeniuliza anunue glaida gani kwanza nitamwambia atafute watu watatu anaowaamini na chama chenye winchi nzima. Kwa mwanafunzi asiye na uwanja wala winchi, ushauri ni ule ule. Andikeni katiba fupi, ada ndogo na zamu za kazi, kisha nunueni kifaa kimoja mnachokihitaji wote. Na siku mwenye cheo atakapokuja kuwaambia kwamba kitatunzwa vizuri zaidi ofisini kwake, mwonyesheni daftari la zamu, kisha mwombeni ajiandikishe kama wengine.