Kabla ya Kusaini, Donoeni!

Wapenzi wengi wakitoka likizo Mafia hurudi na ndoto moja: kashamba ka minazi, upepo wa bahari, kibanda cha kuzeekea. Ndoto tamu, sikatai. Tatizo linaanza pale Kilindoni, muuzaji anapoweka mezani mkataba wa kurasa nane huku boti ya Nyamisati inakaribia kuondoka. Mmoja anasema, "Saini tu mpenzi, tutausoma njiani." Hapo ndipo watu wanapoingizwa mkenge, na lawama ndani ya nyumba haziishi.

Muda ni mdogo? Gawaneni kazi.

Kwanza, pitieni juu juu. Dakika tatu tu. Someni kichwa, vichwa vidogo, sentensi ya kwanza ya kila kifungu na ukurasa wa saini. Mnataka kujua karatasi hii ni ya nini: kuuziana, kukodishana au makubaliano ya awali?

Pili, donoeni. Kuku hali mchanga wote, anachagua punje. Mmoja asake tarakimu: bei, tarehe, ukubwa, mita. Zinajitokeza zenyewe katikati ya herufi. Kama shamba limegusa ufukwe, kumbukeni 60: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni.

Mwingine asake maneno: "minazi", "halmashauri ya kijiji", "hifadhi". Kwa nini minazi? Kwa mila za pwani, ardhi inaweza kuwa ya huyu na mnazi uliosimama juu yake ukawa wa yule. Halmashauri, kwa sababu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeikabidhi kusimamia ardhi ya kijiji. Msiridhike na saini ya mwenyekiti peke yake. Na hifadhi, kwa sababu Utende, kwa mfano, iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia iliyoanzishwa 1995, na kujenga huko kuna masharti yake.

Neno msilolikuta nalo ni habari. Kurasa nane zisipotaja minazi hata mara moja, hilo ndilo swali la kumuuliza muuzaji kabla hamjafungua pochi.

Tatu, mkishalipata neno, tulieni. Kifungu hicho kisomwe chote, polepole, kwa sauti, mwenzako asikie. Vineno kama "isipokuwa" na "endapo" hupindua sentensi nzima. Kusoma chapchap kunakuonyesha mahali pa kusimama, basi. Kabla ya saini, mkataba wote usomwe kwa kituo, na mwanasheria auone.

Boti nyingine itakuja. Hela ikishatoka, kuirudisha ni kesi.

Je, kwenu nani ana haraka ya kushika kalamu? Mwezi huu, mpe miwani kwanza. Tukutane toleo lijalo!