Asiyesali naye anahitaji wa kumjulia hali

Je, mtu asiyemwamini Mungu anaweza kuishi maisha yenye maana na afya njema? Ndugu msomaji, usifunue ukurasa mwingine kwa hasira. Swali hili sikulitoa vitabuni. Lililetwa katika kliniki yangu mjini Kitale na mwalimu mstaafu aliyekuja kupimwa shinikizo la damu.

Kipimo kilionyesha 180 kwa 110. Dawa nilikuwa nimempa miezi mitatu kabla ya hapo. Nilipomuuliza kama anazimeza, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Daktari, nizimeze ili iweje?"

Taratibu akanieleza. Miaka miwili iliyopita aliwaambia watu wa nyumbani kwake kwamba haamini tena. Hakumtukana mtu. Aliacha tu kwenda kanisani. Wanakwaya wenzake wa miaka mingi wakaacha kupita kwake. Majirani wakapunguza salamu. Hatimaye akaniuliza jambo ambalo sikufundishwa katika chuo cha udaktari: "Nikifa, nani atanizika?"

Swali hilo laweza kuonekana dogo kwa mtu aliyezoea mji mkubwa. Lakini anayetoka Bungoma, kama mimi, anajua uzito wake. Kwetu kanisa si mahali pa kusali tu. Watu wa kanisa ndio huleta viti kwenye matanga, ndio huchemsha chai ya waombolezaji, ndio huchanga pesa za kumtoa mgonjwa hospitalini. Anayeondoka hapo aghalabu huondoka pia katika orodha ya watu wanaojuliwa hali.

Nami sina budi kusema ukweli wangu. Nililelewa katika Kanisa la Marafiki, ambalo misheni yake ya kwanza nchini ilianzishwa Kaimosi mwaka wa 1902. Niliacha kuamini nikingali mwanafunzi. Kila nikienda nyumbani Bungoma, mama yangu huniombea kabla sijaanza safari ya kurudi Kitale. Mimi huinamisha kichwa na kumwambia, "Asante, mama." Hatujawahi kugombana. Lakini mimi nina bahati: kila asubuhi kuna foleni ya watu wanaonisubiri. Mwalimu, baada ya kustaafu, hakusubiriwa na mtu.

Watu kama sisi si wachache kama inavyodhaniwa. Katika sensa ya mwaka wa 2019, Wakenya zaidi ya 750,000 walisema hawana dini. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini na imani. Hata hivyo, katiba haimpelekei mgonjwa uji.

Sasa tuangalie sayansi inasema nini, bila kupendelea upande wowote. Mwaka wa 2016 ulichapishwa utafiti wa wauguzi wanawake zaidi ya 74,000 wa Marekani waliofuatiliwa kwa miaka 16. Waliohudhuria ibada zaidi ya mara moja kwa wiki walikuwa na uwezekano wa kufa uliopungua kwa asilimia 33 wakilinganishwa na wale wasiohudhuria kabisa. Asiyeamini asiukimbie ukweli huo. Lakini watafiti walipochunguza zaidi, waliona kwamba sehemu ya faida hiyo ilitokana na kusaidiwa na watu, kutovuta sigara, na kutozama katika huzuni.

Utafiti mwingine wa mwaka wa 2010 ulijumlisha matokeo ya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000. Wenye uhusiano imara na wenzao walikuwa na nafasi ya kuendelea kuishi iliyozidi ya wapweke kwa asilimia 50. 

Maoni yangu ni haya: maana ya maisha, kwa jinsi ninavyoiona kitandani mwa mgonjwa, ni kuhitajika. Mtu anayejua kuna anayemngoja humeza dawa zake, hula kwa wakati na hurudi kliniki. Muumini hupata wa kumngoja kila Jumapili bila kutafuta. Asiyeamini hana budi kuwatafuta mwenyewe, na asipofanya hivyo ataumia. Wahenga walisema mtu ni watu.

Kwa hivyo, wewe uliyeacha dini, nakushauri mambo matatu. Kwanza, usiache watu. Nenda kwenye matanga, beba viti, changa unachoweza. Pili, tafuta kazi ya kila wiki ambayo usipoifanya kuna atakayekosa kitu. Tatu, zungumza mapema na jamaa zako kuhusu ugonjwa na mazishi yako, na uandike wosia.

Nanyi wenye mzee au kijana wa namna hii nyumbani, kutoamini si ugonjwa. Lakini fungueni macho. Aliyeacha kanisa na bado analima, anacheka na kulala vizuri, huyo amebadili mawazo tu. Aliyeacha kanisa, akaacha na shamba, chakula, usingizi na mazungumzo, na hali hiyo ikazidi wiki mbili, huenda ana mfadhaiko unaohitaji matibabu. Akianza kusema heri afe, msingoje hata siku moja. Mleteni hospitalini, na msimwanzishie mahubiri njiani.

Nilimshauri Mwalimu aende kwao, upande wa Chwele, akaongee na ndugu zake. Nilimkumbusha kumuse, ile hotuba ambayo sisi Wabukusu humtolea mzee wa heshima baada ya mazishi yake. Ni kweli babu zetu walimwamini Wele. Lakini anayesimama kuzungumza siku hiyo hueleza ukoo, huwaliwaza waliobaki na kuwahimiza waishi kwa amani. Mambo hayo ni ya watu kwa watu.

Alikwenda. Aliporudi aliniambia kaka yake mkubwa, ambaye ni mzee wa kanisa, alimsikiliza mpaka mwisho kisha akamjibu: "Tutakuzika. Kwani wewe si wetu?"

Siku hizi Mwalimu hufundisha hesabu watoto wa jirani kwenye baraza yake kila jioni, bila malipo. Wazazi wao, wengi wakiwa waumini, humpelekea maziwa na mahindi mabichi. Mara ya mwisho shinikizo lake lilikuwa 134 kwa 84. Hakuna muujiza hapo. Dawa ni zile zile, ila sasa anazimeza.