Tembe ghali za bakteria si lazima ziyashinde maziwa lala

WAKAZI wa Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Buruburu na Umoja hadi Kayole na Dandora, wamekunywa maziwa lala kwa miaka mingi wakiamini kuwa yanatuliza tumbo. Sasa kuna tembe za bakteria zinazonadiwa kama sayansi mpya, na bei yake si ya mchezo. Kwa mzazi mwenye mapato finyu, swali ni iwapo fedha hizo zitanunua afya au jina tu.

Mwaka 2001, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo walieleza kuwa probayotiki ni vijiumbe hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiwango cha kutosha, humfaidi mtumiaji kiafya. Kwa kipimo hicho, si maziwa yote yaliyoganda yanayostahili jina hilo, kwani si kila bakteria inayogandisha maziwa imethibitishwa kuwa na manufaa hayo. Wala si kila tembe.

Miongoni mwa bakteria mpya zinazovuma ni Akkermansia muciniphila, iliyotambuliwa na watafiti wa Uholanzi mwaka 2004. Huishi katika ute unaofunika ukuta wa utumbo na haipatani na oksijeni, hivyo ni vigumu kuitunza ikiwa hai. Utafiti wa Ubelgiji uliochapishwa mwaka 2019 ulihusisha watu 32 wanene kupita kiasi. Waliopewa bakteria hiyo ikiwa imeuawa kwa joto walionyesha nafuu katika jinsi mwili unavyotumia insulini. Matokeo hayo yanatia moyo, lakini watu 32 ni wachache mno kuwa msingi wa ahadi kubwa za kibiashara.

Probayotiki za zamani nazo zimepunguziwa sifa. Mwaka 2020, chama cha madaktari wa magonjwa ya tumbo nchini Marekani kilikataa kuzipendekeza kwa maradhi mengi ya mfumo wa chakula, kikibakisha hali chache tu.

Hata hivyo, ipo njia ya kati. Bakteria ya Lactobacillus rhamnosus GG, iliyopatikana Marekani katika miaka ya 1980, ni mojawapo ya zilizochunguzwa zaidi duniani. Hataza yake ilipokwisha, shirika la Yoba for Life la Uholanzi liliitengeneza kama poda ya bei nafuu ya kugandishia maziwa, ambayo wazalishaji wadogo wa Uganda, na pia Kenya, wameitumia. Kumbe bakteria iliyofanyiwa utafiti yaweza kumfikia mwananchi ndani ya kikombe cha maziwa.

Tahadhari ni muhimu. Maziwa mabichi huweza kueneza ugonjwa wa brusela, hivyo yachemshwe na kupoa kabla ya kugandishwa katika chombo safi. Mtoto anayehara ahitaji kwanza maji ya ORS na madini ya zinki, kama ilivyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2004. Nazo dawa za antibayotiki zinazomezwa bila ushauri wa daktari huua hata bakteria zenye manufaa.

Kwa hivyo, kabla ya kufungua kibeti, mnunuzi na aulize: ni bakteria ipi hasa, ni kiasi gani, na imethibitishwa kutibu nini? Muuzaji asiyeweza kujibu hana cha kumshinda mama muuza maziwa lala.