Nyaya za Monteverde na Haki ya Viumbe

Katika msitu wa mawingu wa Monteverde, nchini Costa Rica, ambao hifadhi yake iliasisiwa mwaka 1972, wageni huteleza wakining'inia kwenye nyaya za chuma juu ya miti, nao wenyeji wakapata riziki ya halali pasipo kuukata msitu. Jambo hilo twalisifu bila ya shaka. Lakini msitu huo ndio makao ya ndege ketsali, atagaye katika matundu ya miti iliyooza, na ndio uliompoteza chura wa dhahabu, asiyeonekana tena tangu 1989. Kwa hiyo twawanasihi wenye biashara hiyo: msimu wa kuatamia uwadiapo, njia zipitazo karibu na viota zifungwe, na makelele yakomeshwe, kwani faida imfukuzayo mwenye nyumba ni dhulma.