Ujumbe wa "tuma kwenye namba hii" uzuiwe unakotoka

KWA miaka mingi sasa ni vigumu kumpata mwenye simu nchini Tanzania ambaye hajawahi kupokea ujumbe wa maneno yale yale: "Ile hela tuma kwenye namba hii," kisha linatajwa jina litakalotokea. Wengi huusoma, wakacheka, wakaufuta. Lakini chukua mfano wa mnunuzi wa mpunga ambaye asubuhi hiyo hiyo amekubaliana na mkulima wa Kilombero kumtumia malipo ya magunia 20, na anachosubiri ni namba tu. Ujumbe unaingia. Anaandika namba, jina linalotokea ni lile lile lililotajwa, anaweka namba ya siri. Jioni mkulima anapiga simu kuuliza fedha zake ziko wapi.

Mambo yakifika hapo, watu husema mnunuzi ni mzembe, au ana tamaa. Hukumu hiyo si ya haki. Wapo wanaoponzwa na tamaa, hasa wale wanaoambiwa wameshinda bahati nasibu ambayo hawakucheza. Huyu hakutamani cha mtu. Alikuwa analipa deni lake.

Aliyetuma ujumbe ule hamfahamu mnunuzi wala mkulima. Hajui habari za mpunga. Ni kama kwelea kwelea, ambao hawana ugomvi na shamba la mtu fulani. Hutua palipo wazi, na wasipoamiwa hula. Kifurushi cha ujumbe mfupi huuzwa kwa bei ambayo haitoshi kununua kilo moja ya mchele. Kwa gharama hiyo tapeli anaweza kuwakosa mamia ya watu bila kuumia, mradi ampate mmoja ambaye ujumbe umemkuta akisubiri namba kweli. Hahitaji werevu mkubwa. Anahitaji kutuma kwingi kwa bei ndogo.

Ugonjwa huu ni mkongwe kuliko simu za mkononi zilizoko nchini. Mei 3, 1978 mwuzaji wa kampuni ya kompyuta ya Marekani, Digital Equipment Corporation, alituma tangazo moja kwa watu takriban 400 waliokuwa katika mtandao wa wakati ule, bila wao kuliomba. Baadaye barua pepe za namna hiyo zilifurika duniani kote. Waliofanikiwa kuzipunguza hawakutegemea kuwahubiria wapokeaji wawe waangalifu. Walikwenda kwenye gharama ya mtumaji. Mwaka 1992 wataalamu Cynthia Dwork na Moni Naor walipendekeza kwamba kompyuta ilazimike kufanya hesabu fulani kabla ya kutuma kila barua: kwa anayetuma barua tano si kitu, kwa anayetuma laki tano ni mzigo. Vikafuata vichujio, mitihani ya kusoma herufi zilizopindapinda ambazo mashine ilishindwa kuzitambua, na ukomo wa idadi ya barua zinazoweza kutoka sehemu moja kwa muda mfupi.

Tanzania nayo ilijaribu kupandisha gharama hiyo. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zikaanza kufungwa baada ya Januari 20, 2020. Matarajio yalikuwa kwamba kila laini itakuwa na mwenyewe anayejulikana. Lakini ipo michezo ya baadhi ya mawakala kumwambia mteja, hasa mzee au mgeni wa mambo haya, aweke kidole tena kwa madai kwamba "haijasoma vizuri", na laini ya pili ikaenda kwa mtu mwingine. Mwananchi hupiga *106# kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na wapo wanaokuta namba wasizozijua. Wakala wa namna hiyo ndiye anayempa tapeli kificho, na ndiye angepaswa kuandamwa kwa nguvu ile ile.

Kampuni za simu nazo haziwezi kusema hazioni. Laini iliyosajiliwa jana, ikatuma maneno yale yale kwa mamia ya namba ambazo haijawahi kuzipigia, na isijibiwe na yeyote, haifanani na laini ya mfanyabiashara. Ni kweli katibu wa AMCOS naye hutuma taarifa moja ya mkutano kwa wanachama 200, na hatapenda kufungiwa. Hata hivyo, katibu hupigiwa simu na wanachama wake na laini yake ina historia. Kuwatofautisha hawa wawili ni kazi ambayo kompyuta za kampuni zinaiweza. Kusimamisha laini ya kwanza hadi mwenyewe ajieleze hakumwonei mtu.

Taarifa za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, za mwaka 2024 ziliitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa inaongoza kwa majaribio ya utapeli wa simu. Yote miwili ni mikoa ya wakulima, ambao majirani zao waaminifu sasa hutazamwa kwa wasiwasi kila wanapotaja namba mpya. Mamlaka hiyo imeweka namba 15040 ya kupelekea ujumbe wa kitapeli pamoja na namba iliyoutuma. Anayeufuta kimya kimya anaiacha laini hiyo iendelee na kazi.

Kwa upande wa biashara, jina linalotokea kwenye simu halithibitishi kitu iwapo limetajwa na ujumbe wenyewe. Namba ya malipo iulizwe mapema, wakati wa kupatana bei, na iandikwe. Ikibadilika, muuzaji apigiwe kwa namba ya zamani na sauti yake isikike. Fedha zikishakwenda kusiko, kampuni ya simu ipigiwe saa hiyo hiyo, kwa kuwa zinaweza kuzuiwa kabla hazijatolewa. Vyama vya ushirika vina daftari la mizani linaloandikwa jina la mkulima na kilo alizopima. Nafasi ya kuongeza namba yake ya simu haikosekani, na mnunuzi akaisoma hapo hapo mbele ya mwenyewe.