Kuzindua mfumo si kukata keki: tuliyoyaona Kariakoo

Nimekuwa kimya muda kidogo, mnisamehe, nilikuwa kwenye kutafuta riziki. Leo naomba tuongelee hii habari ya vijana kuanzisha "mifumo". Kila nikifungua mtandao nakutana na picha ya uzinduzi: keki ipo, mgeni rasmi yupo, fulana zenye nembo zipo, hotuba ya uchumi wa kidijitali ipo. Ukirudi baada ya miezi sita kuulizia ule mfumo, hata namba ya simu haipatikani. Kwa nini?

Nina haki ya kuuliza kwa sababu na mimi nilikata keki. Tena keki yenyewe ilinunuliwa kwa hela ya mkopo.

Kwa wasioelewa, mfumo ninaousema hapa ni ule wa kukodi. Zamani ulinunua programu kwenye CD, ukaiweka kwenye kompyuta yako, basi ni yako. Siku hizi programu inakaa kwenye seva ya mwenye nayo, wewe unaitumia kwa intaneti na unalipa kila mwezi. Ni kama kupanga chumba. Paa likivuja ni juu ya mwenye nyumba, lakini usipolipa unafungiwa mlango. Kampuni ya Salesforce ya Marekani ilianza mchezo huu mwaka 1999 na leo ni miongoni mwa makampuni makubwa ya programu duniani. Kwa hiyo biashara ipo na hela ipo. Swali ni kwamba kwetu inaingiaje?

Basi bwana, sisi tulikuwa watatu, wote tumemaliza sekondari na chuo tunakiona kwenye picha tu. Mmoja wetu alijifunza kuandika programu kwa video za mtandaoni. Tukapanga chumba Temeke, tukaandika mfumo wa kuhesabu mzigo: umeingiza nini stoo, umeuza nini, kimebaki nini. Bei tuliweka shilingi 15,000 kwa mwezi, mwezi wa kwanza bure. Mtaji ulikuwa 900,000 ambao mama yangu aliukopa kwenye kikoba chake. Naomba mlikumbuke hilo la kikoba, nitalirudia.

Tukazindua Julai 2024. Mwezi wa bure walijiandikisha wenye maduka 22. Tukashangilia, 22 mara 15,000 ni 330,000, tumetoka! Mwezi wa pili wakalipa sita. Mwezi wa tatu, watatu. Seva tulikuwa tumekodi nje kwa dola 40 kwa mwezi, na dola kipindi kile ilikuwa inacheza kwenye 2,700, yaani kama 108,000. Tulikusanya 45,000 ili tulipe 108,000. Hapo hujaweka bando, nauli wala kodi ya chumba.

Mwanzoni tulimlaumu mteja. Tukasema Wabongo hawapendi teknolojia, washamba hawa. Uongo mtupu. Hawa hawa wanaagiza mzigo China kwa simu wakiwa wamekaa kwenye stuli.

Jibu nililipata mtaa wa Kongo kwa mama mmoja anayeuza vitenge kwa jumla. Nikamwamkia, nikamweleza mfumo wetu kwa mbwembwe zote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hesabu ya stoo yangu ikishaingia humo, nani mwingine anaiona?"

Nikamwambia hakuna mama, ni wewe na sisi tu.

Akacheka. "Na nyie mkibanwa?"

Sikuwa na jibu. Tulishapanga rangi, nembo na jina, hilo swali hatukuwahi kujiuliza hata siku moja.

Sasa wadau turudi nyuma kidogo. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka, mpaka Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, akaenda kuwasikiliza pale Mnazi Mmoja. Walilalamikia kamatakamata ya TRA, na pia usajili wa stoo. Usajili wa stoo! Juni 2024 wakafunga tena, na safari hii mgomo ukasambaa mpaka Mwanza, Mbeya na mikoa mingine. Halafu wiki chache baadaye sisi watoto watatu tunaingia mtaani na mfumo wa kuhesabu nini? Stoo. Tena tunamwambia mtu "utalipa kodi ya mfumo kila mwezi". Neno kodi lenyewe pale Kariakoo linatosha kumfanya mtu ashushe shata.

Msinielewe vibaya, simtetei anayekwepa kodi. Hospitali na barabara hazijengwi kwa maombi. Ninachosema ni kwamba tangu mashine za EFD zianze mwaka 2010, mfanyabiashara wetu amezoea kwamba kifaa kinachohesabu mauzo yake ni kifaa cha mtu mwingine kumchunguza yeye. Kijana anayeuza mfumo leo anairithi hofu hiyo atake asitake. Na serikali inayosema inataka vijana wajiajiri kwa teknolojia nayo ijue kwamba kila kamatakamata inamfukuzia kijana huyo wateja.

Tukafunga usajili wa wateja wapya. Tukaanza kuzunguka upya bila kuuza kitu, tunauliza swali moja tu: "Nini kinakunyima usingizi?" Hakuna aliyetaja stoo. Wengi walitaja madeni. Mzigo umetoka kwa mali kauli, mdeni hapokei simu, daftari limelowa chai au kijana wa dukani kachana ukurasa. Kumbe tungeuliza mapema tungeokoa ile 900,000!

Tukaandika mfumo mwingine, daftari la madeni. Anayekudai na unayemdai, tarehe, na ujumbe wa kumkumbusha mdeni kwa heshima bila kumtukana. Hapa tukakutana na sheria. Jina na namba ya simu ya mdeni ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka anayekusanya au kuchakata taarifa hizo ajisajili kwenye Tume. Vijana wengi wanaozindua mifumo hawalijui hili. Mimi mwenyewe nililiona kero, lakini sasa naliona ni silaha. Yule mama wa vitenge nilimrudia nikamwambia, mama, zamani nilikupa neno langu tu, leo kuna sheria, nikizitoa taarifa za watu wako ovyo naweza kushtakiwa. Hakusema ndiyo siku hiyo. Ila alinipa kiti nikae.

Tuje kwenye malipo, maana hapa ndipo wengi wanapozama. Tunasoma sana habari za Slack, na ni habari nzuri kweli. Jamaa walikuwa wanatengeneza mchezo wa kompyuta uitwao Glitch, ukashindwa, wakaufunga Desemba 2012. Wakachukua chombo walichokuwa wanatumia kuwasiliana wao kwa wao, wakawabembeleza marafiki kwenye makampuni mengine wakijaribu. Agosti 2013 walipotangaza, siku ya kwanza tu waliomba kama watu 8,000. Februari 2014 wakafungua kwa wote, na 2021 Salesforce ikainunua kwa dola zaidi ya bilioni 27.

Tunachosahau ni kwamba mteja wa Slack aliweka namba ya kadi ya benki mara moja tu. Kila mwezi mashine inakata yenyewe, hata akiwa amelala. Mteja wetu hana kadi ya namna hiyo. Analipa kwa simu, kwa mkono wake, na kila mwezi lazima aamue upya kama unastahili hela yake. Kwa hiyo huku kwetu humuuzii mtu mara moja. Unamuuzia mara 12 kwa mwaka! Ukipanga mapato kwa kuzidisha idadi ya waliojiandikisha, kama nilivyofanya mimi, umejidanganya. Hesabu waliolipa mara ya pili.

Walioielewa hali hii mapema ni M-KOPA wa Kenya. Walianza kuuza umeme wa jua mwaka 2012, mteja analipa kidogo kidogo kila siku kwa M-Pesa, asipolipa taa inazimwa, akilipa inawaka. Sisi wenyewe tunanunua umeme wa LUKU na bando kwa mtindo huo huo. Mtu ambaye hatoi 15,000 kwa mkupuo anaweza kutoa kidogo kidogo bila kuumia.

Tukajaribu shilingi 500 kwa siku. Makato ya miamala yakatutafuna, na mteja akachoka kubonyeza simu kila asubuhi. Mnakumbuka tozo za miamala za Julai 2021, jinsi watu walivyorudi kwenye pesa taslimu mpaka zikapunguzwa na baadaye kufutwa kwa hatua? Mtu akiona makato anakimbia. Tukaangukia 3,500 kwa wiki, inalipwa Jumamosi jioni duka likifungwa na hela ikiwa mkononi. Ukizidisha ni karibu ile ile 15,000 waliyoikataa, ila safari hii wanalipa.

La mwisho ni mtandao wenyewe. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika, intaneti ikayumba Afrika Mashariki nzima. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchini kwa siku kadhaa. Sitaki kulinganisha kibiashara chetu na yaliyowapata watu siku zile, wapo waliofiwa. Nasema tu kwamba mfumo unaotegemea seva iliyo nje ya nchi ulikuwa kopo tupu. Wetu ulikuwa umeshabadilishwa, unaandika kwenye simu ya mteja kwanza, mtandao ukirudi unapeleka nakala. Malipo hatukukusanya hata shilingi wiki ile. Lakini hakuna deni hata moja lililopotea, na mtandao uliporudi wateja walilipa bila kusukumwa.

Na leo tuko wapi? Tuna maduka 17. Kwa mwezi tunakusanya kama 238,000. Seva tumehamia ndogo ya dola 12. Tukitoa gharama zote tunagawana kama elfu hamsini hamsini. Hiyo sio ajira jamani, hiyo ni nauli na chai. Kikoba cha mama bado kinadai 300,000, na mama hasemi kitu, ila siku za kikao naona anavyotoka nyumbani mapema asije akaniangalia usoni.

Mwenzetu mmoja anataka twende kwenye mashindano ya vijana wabunifu, tupate mgeni rasmi na picha. Mimi nimekataa. Nimesema tukifika maduka 60 yanayolipa kila Jumamosi ndipo tutazungumza. Huenda nakosea, labda picha ingeleta mfadhili. Lakini nimeona wenzetu wengi waliopata mfadhili kabla ya mteja, na hela ya mfadhili ilipoisha na mfumo ukaisha.

Kwa hiyo kijana mwenzangu unayepanga kuzindua, kabla ya kununua fulana nenda kakae dukani kwa mtu siku tatu bila kumuuzia kitu. Ujue anaogopa nini, analipaje, na mtandao ukikatika anafanyaje. Na serikali, kama kweli mnataka mifumo ya vijana wa hapa itumike, mwenye duka ahakikishiwe kwa vitendo kwamba kuweka kumbukumbu zake vizuri hakutamletea balaa.

Yule mama wa vitenge ndiye duka namba 17. Aliingia mwezi uliopita. Ameandika wadeni wanne tu, nadhani bado ananipima.

Nawasilisha. Wenye maduka nataka kuwasikia nyie zaidi, semeni hapo chini: ni nini kingekufanya umwamini kijana kama mimi na daftari lako? Matusi sitayajibu, ila hoja nitazijibu zote.