Kiu si jina la mtu

Mwenzetu akinywa lutuku hata akakosa masomo, tunamwita mlevi, na jina hilo linamfunga. Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibudha, husema tanha, yaani kiu. Kiu humshika mtu, na yaweza kumwachia.

Katika monasteri ya Thamkrabok, Thailand, inayotibu waraibu tangu 1959, mgonjwa huanza kwa kiapo, ndipo hunywa dawa ya mitishamba ya kutapisha, wenzake wakimwimbia. Neno linatangulia, lakini halisimami bila watu. Ndiyo kazi ya sangha, jumuiya.

Sisi wa kitivo cha lugha tuna maneno mengi. Jioni kiu inapomshika mwenzetu, nani kati yetu ataketi naye?